Mwanasesere na Mkufu Wake: Kuitazama Upya Sinema ya "Trilogy of Terror"

Ziko kazi za sanaa ambazo wakati hauzitendei wema. Kilichowatia watu hofu miaka hamsini iliyopita, leo huwatia kicheko. Na mhakiki anapotakiwa aeleze thamani ya kazi ya namna hiyo, huona ni wepesi zaidi kucheka pamoja na wenzake kuliko kusema neno la maana. Sisi wenyewe tulikuwa na kosa hilo. Kwa miaka kadhaa, tulipowafundisha wanafunzi wetu tofauti iliyopo baina ya sanaa na upuuzi, mfano wetu wa upuuzi ulikuwa mmoja: sinema ya televisheni ya Kimarekani iitwayo "Trilogy of Terror", ambamo mwanamke mzima anakimbizwa chumba kwa chumba na mwanasesere wa mti. Wanafunzi walicheka, nasi tukaendelea na somo.

Hivi karibuni tuliionyesha sinema hiyo mbele ya kundi dogo la wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa nia ya kuwapa zoezi la uhakiki. Walicheka kama tulivyotazamia. Lakini picha ilipokwisha, mmoja wao alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hawa Wazuni wanaotajwa humu ni watu wa kweli, au wametungwa tu?" Hatukuwa na jibu. Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Tutajaribu kuonyesha kwamba hukumu yetu ya zamani ilikosea mara mbili: tuliidharau sinema mahali ilipostahili heshima, na tukaisamehe, kwa kuicheka, mahali ilipostahili lawama.

Tuanze na historia yake kwa ufupi. Sinema hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 1975 na shirika la televisheni la ABC huko Marekani. Tangu mwaka 1969 shirika hilo lilikuwa na kipindi cha kila juma cha sinema zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya televisheni. Kila sinema ilipewa saa moja na nusu, pamoja na matangazo ya biashara, hata picha yenyewe ikabakiwa na dakika sabini na kitu tu. Fedha zilikuwa haba na siku za kazi chache. Hata hivyo kipindi hicho kilitoa kazi ambazo zinakumbukwa hadi leo, kama vile "Duel" ya mwaka 1971, iliyoongozwa na kijana Steven Spielberg, na "The Night Stalker" ya mwaka 1972. Kazi zote hizo mbili zilipitia katika kalamu ya Richard Matheson, na ile ya pili ilisimamiwa na Dan Curtis. Watu hao wawili ndio waliokutana tena katika "Trilogy of Terror": Curtis akiwa mwongozaji, na Matheson akiwa mtunzi wa hadithi tatu zinazosimuliwa. Mbili za kwanza zilibadilishwa kuwa mchezo na William F. Nolan, ya tatu Matheson aliibadilisha kwa mkono wake mwenyewe, kutoka katika hadithi yake fupi ya mwaka 1969 iitwayo "Prey". Mwigizaji Karen Black ndiye mhusika mkuu katika visa vyote vitatu, na kila kisa kinaitwa kwa jina la mwanamke anayemwigiza.

Kisa cha kwanza, "Julie", kinamhusu mwalimu wa fasihi chuoni, mwanamke mpole asiyevutia macho ya mtu. Mwanafunzi wake mmoja anamlewesha kwa dawa, anampiga picha za aibu, kisha anamtisha kwa picha hizo. Mwishoni tunagundua kwamba mwindaji ndiye aliyekuwa akiwindwa: mwalimu ndiye aliyemtawala kijana tangu mwanzo, na sasa anamuua kwa sumu kama alivyowafanyia wengine kabla yake. Kisa cha pili, "Millicent na Therese", ni cha ndugu wawili wanaochukiana, mmoja mkavu wa tabia na mwingine mpotovu. Mmoja anamuua mwenzake kwa kumchoma sindano mwanasesere wa uchawi; kisha daktari wa familia anatufunulia kwamba ndugu hao walikuwa mtu mmoja aliyegawanyika nafsi. Visa hivi viwili tunaweza kuviacha hapa. Mtazamaji aliyezoea hadithi za mafumbo huuona mwisho wake kutoka mbali, na mwisho ukishajulikana hakuna kinachomrudisha kutazama tena.

Kisa cha tatu, "Amelia", ni jambo jingine. Amelia ni mwanamke kijana anayeishi peke yake katika nyumba ya ghorofa. Anarudi nyumbani na boksi lenye zawadi aliyomnunulia rafiki yake wa kiume, Arthur, mwalimu wa elimu ya mila na desturi za mataifa. Zawadi yenyewe ni mwanasesere wa kutisha: ana mkuki mkononi, nywele ndefu nyeusi, na meno yaliyochongoka kama sindano. Amefungwa mkufu wa dhahabu, na karatasi aliyokuja nayo inaeleza kwamba yeye ni mwindaji wa Wazuni, kwamba jina lake ni Yeye Auaye, na kwamba roho iliyomo ndani yake haitatoka maadamu mkufu huo uko mwilini mwake. Amelia anampigia mama yake simu kumwambia kwamba Ijumaa hii hatakwenda kwake kama ilivyo desturi yao. Mama anakasirika. Mkufu unaanguka. Yanayofuata ni mapigano ya mwanamke mmoja na kitu kisichozidi urefu wa mkono, sebuleni, chumbani, bafuni na jikoni, hadi Amelia anapofaulu kukitia ndani ya oveni na kukichoma. Anapoufungua mlango wa oveni, moshi unamwingia. Katika sehemu ya mwisho tunamwona akimpigia mama yake simu tena, akiomba radhi kwa sauti ya upole na kumkaribisha. Kisha anachuchumaa mbele ya mlango, kisu mkononi, akikichomeka sakafuni tena na tena. Anatabasamu, na meno yake ni yale ya mwanasesere.

Tukiichambua fani ya kisa hiki, hatuna budi kukiri kwanza kwamba kicheko cha wanafunzi wetu kilikuwa na sababu. Kila mara mwanasesere anapoonyeshwa mzima mzima, tunaona waziwazi kwamba kuna mkono wa mtu unaomtikisa. Miguu yake haitembei bali inarukaruka. Sauti yake ni bwabwaja ya kitoto. Lakini tulipoitazama sinema kwa mara ya pili na ya tatu, tukiwa na kalamu na karatasi, tuligundua kwamba nyakati hizo ni chache kuliko tulivyokumbuka. Sehemu kubwa ya kisa mwanasesere haonekani kabisa. Kamera inashushwa hadi sakafuni na kukimbia kasi kati ya miguu ya viti, nasi tunaiona nyumba kwa macho yake. Taa inazimika. Kisu kimetoweka jikoni. Amelia anamfungia adui yake ndani ya sanduku la nguo, na mara ncha ya kisu inachomoza na kuanza kulikata sanduku polepole kwa kuzunguka, mfano wa mtu akataye mkebe. Hapo hakuna aliyecheka darasani.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba ufundi huu ulizaliwa na uhaba. Televisheni ya wakati ule haikuruhusu damu nyingi, na fedha hazikutosha kutengeneza kiumbe cha kuaminika; basi mwongozaji akalazimika kukificha. Msimulizi wa ngano naye hufanya vivyo hivyo. Bibi anayesimulia habari za zimwi usiku hana zimwi la kuonyesha. Ana sauti yake, kimya chake, na giza lililo nje ya mlango. Mtunzi anayejua kuficha humshinda mtunzi mwenye vingi vya kuonyesha.

Jambo la pili la fani ni uigizaji. Kwa muda wote wa kisa Karen Black yu peke yake. Mama yake hatumwoni wala hatumsikii. Tunasikia upande mmoja tu wa mazungumzo ya simu, nasi inatubidi tuyajaze maneno ya mama kutokana na uso wa binti, na kimya chake, na namna anavyoanza sentensi asiimalize. Mwalimu wa lugha anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake uandishi wa tamthilia angefanya vyema kuwaonyesha mazungumzo hayo, kisha kuwaambia waandike upande wa pili. Sisi tulifanya hivyo. Karibu wote waliandika mama mmoja: mama asiyetukana, asiyepaza sauti, anayesema tu kwamba haidhuru, atakula peke yake.

Hapa ndipo tunapofika kwenye dhamira. Maoni yetu ni kwamba kisa hiki si cha mwanasesere, bali ni cha hasira ya mtoto kwa mzazi wake. Amelia ni mtu mzima aliyehama nyumbani, lakini hajahama. Anataka kusema hapana, na kila akisema hujisikia mwovu. Hasira yake imefungwa kwa mkufu wa adabu, tena mkufu wa dhahabu, kwa maana ni kitu cha thamani ambacho hakuna mtu mwema angependa kukikata. Tena mtunzi hakuchagua wakati wa mkufu kuanguka ovyo: unaanguka baada ya simu ile. Na roho ya mwanasesere ilipokwisha kumwingia Amelia, haikumtafuta mtu mwingine yeyote, ilimtaka mama. Linalotisha kupita yote si meno ya mwishoni, bali ni upole wa sauti inayosema, njoo mama, nilikosea.

Huenda msomaji akapinga kwamba tunaipa sinema ndogo mzigo usioweza kuubeba, maana majeraha ya Amelia ni ya kweli na mwanasesere anamkata kweli. Pingamizi hilo tunalikubali kwa sehemu. Sinema haikulazimishi uisome kwa njia hii, na huo ni mmoja wa wema wake. Lakini tuliwashuhudia wanafunzi wetu wakibishana kwa saa nzima, wala hawakubishana juu ya mwanasesere. Walibishana juu ya radhi. Baadhi yao walisema kwamba binti aliyemnyima mama yake jioni moja ya Ijumaa amejitakia mwenyewe yaliyompata, kwa kuwa asiye na radhi ya mzazi hana kinga. Wengine, hasa wasichana, walijibu kwamba mzazi naye anaweza kuitumia radhi kama kamba ya kumfungia mtoto. Mtunzi wa Kimarekani hakulijua neno hilo, wala hakutufikiria sisi alipoandika. Hata hivyo kazi yake ililipokea neno letu na kulipa nafasi. Kazi ya upuuzi mtupu isingeweza.

Basi hilo ndilo kosa letu la kwanza, na tunalifuta. Sasa tuligeukie la pili, ambalo ni zito zaidi.

Wazuni ni watu wa kweli. Wanaishi magharibi mwa jimbo la New Mexico, na wao wenyewe hujiita Ashiwi. Walimu wa lugha watavutiwa kujua kwamba lugha yao haijathibitishwa kuwa na udugu na lugha nyingine yoyote duniani. Vitu vyao ambavyo Wazungu huvipa jina lile lililotumiwa katika sinema ni vinyago vidogo vya wanyama, aghalabu vya mawe: dubu, simba wa milimani, mbwamwitu, tai, fuko. Mwindaji huchukua kimoja ili mnyama huyo amsaidie katika safari yake. Havina mkuki wala meno ya sindano, wala havina sura ya mtu anayeua watu. Tena hii haikuwa siri: Frank Hamilton Cushing, aliyeishi miongoni mwa Wazuni, alichapisha maelezo yake juu ya vinyago hivyo mwaka 1883, yaani miaka 92 kabla ya sinema hii kuonyeshwa. Mtunzi alihitaji jina la watu wa mbali, akaokota la kwanza lililomjia. Katika kisa cha pili lilifanyika kosa la aina hiyohiyo, pale mwanasesere wa sindano anapohusishwa na Vodun, dini ya watu wa Benin na Haiti. Na sindano hizo si msingi wa dini hiyo, bali zimekuzwa na vitabu na sinema za watu wengine.

Hata neno lenyewe lina habari yake. Wareno waliofanya biashara katika pwani ya Afrika ya Magharibi waliviita vitu vitakatifu vya wenyeji kwa neno lao lenye maana ya uchawi. Neno hilo likapita kwa Wafaransa na Waingereza, likasafiri hadi Marekani, na huko likabandikwa juu ya vitu vya watu ambao hawajapata kuiona Afrika. Kwa hiyo dharau iliyotungwa pwani ya bara letu ndiyo iliyomvika mwanasesere wa Amelia jina. Wanafunzi wetu walipotakiwa kulitafsiri, mmoja alitoa "hirizi", mwingine "kinyago", mwingine "sanamu". Tuliyapima yote. Kinyago na sanamu hutaja umbo tu, wala hazitaji nguvu iliyomo. Hirizi ni kinga; huvaliwa ili kumwepusha mtu na shari. Tukifuata maana hiyo, hirizi katika sinema hii si mwanasesere bali ni mkufu wake. Tuliamua kuliacha neno lile bila tafsiri na kusema "mwanasesere", maana si kila tusi la wenzetu linastahili kupewa makao katika lugha yetu.

Inafaa hapa tukumbuke riwaya ya Muhammed Said Abdulla, "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyochapishwa mwaka 1960. Humo nako kuna mahali panapoogopwa na kuna mauaji, na wengi wako tayari kuutupia lawama mzimu. Lakini Bwana Msa hauridhii uvivu huo wa fikra. Anatafuta, na anachokipata ni mkono wa binadamu. "Amelia" imepita njia iliyo kinyume: ubaya uliomo ndani ya nyumba ya Kimarekani, baina ya mama na binti, umetupiwa watu wasiokuwapo. Mtunzi alijua vizuri hasira ilikotoka, na bado akahitaji Wazuni wa kuibeba.

Lakini ukweli una njia zake za kupenya. Wazuni wana vinyago vingine, vya miungu pacha wa vita, vinavyochongwa kwa mti na kuwekwa katika mahali pa ibada palipo wazi, ili jua na mvua viviozeshe na nguvu zao zirudi ardhini. Kwa imani yao, kinyago hicho kikiondolewa mahali pake huleta madhara duniani. Vingi viliondolewa, vikauzwa na kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Mwaka 1978, miaka mitatu tu baada ya sinema hii, viongozi wa dini wa Wazuni walianza kuvidai kwa nguvu. Jumba la sanaa la Denver lilivirudisha vyake mwaka 1980, na Smithsonian ikafuata mwaka 1987. Tukiitazama sinema tukiwa na habari hizi, swali linabadilika. Amelia alikipata wapi kitu hiki? Alikinunua dukani. Na aliyekipeleka dukani alikipata wapi? Sinema haiulizi.

Sisi tunapaswa kuuliza, kwa sababu jambo hili limetufika. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa vya Wagiriama, huchongwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Navyo vikishasimamishwa havipaswi kuhamishwa, bali huachwa hadi vioze. Mamia yameibwa na kuuzwa Ulaya na Marekani. Viwili vya familia moja, vilivyoibwa mwaka 1985, vilirudishwa kwao mwaka 2007. Na vingine 30, ambavyo jumba jingine la makumbusho la huko huko Denver liliamua kuvirudisha mwaka 2014, vilifika Kenya mwaka 2019. Kabla ya hapo vilisimama ukutani, na wageni walioalikwa chakula walivitazama wakasema ni vya ajabu. Waswahili walinena: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tulimcheka mwanasesere wa Wazuni kwa moyo mweupe kwa kuwa hakuwa wetu.

Je, baada ya hayo yote, tuwashauri walimu wenzetu waitumie sinema hii darasani, au waiweke kando? Tunawashauri waitumie, kisa cha tatu peke yake, nacho hakizidi nusu saa. Waionyeshe mara mbili. Mara ya kwanza wawaache wanafunzi wacheke. Kabla ya mara ya pili wawaeleze habari za Wazuni na za vigango, na wawape zoezi la kuandika maneno ya mama katika simu. Baada ya hapo wawaulize ni nani katika kisa hiki aliyefungwa, ni nani aliyemfunga, na ni nani aliyelipa gharama. Si lazima majibu yafanane.

Yule mwanafunzi aliyetuuliza tulimjibu juma lililofuata, mbele ya wenzake, tukaanza kwa kukiri kwamba siku ile hatukujua. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba yeye hakuuliza kwa ajili ya Wazuni tu. Alitaka kujua kama na sisi tumo ndani ya sinema za watu namna hiyo. Tulimwambia kwamba tumo.